Kutembea Dar es Salaam na kitu cha thamani, na kubaki nacho

Mwaka 2013 nilikuwa na kompyuta moja ya mpakato, na hiyo ndiyo ilikuwa mali yangu yote hapa Dar es Salaam. Mama aliuza viazi Njombe ndipo ikapatikana. Ilichomolewa kwenye begi langu la mgongoni nikigombania daladala Mwenge, saa kumi na mbili jioni. Nilikuja kugundua nimefika Tegeta, begi jepesi, zipu wazi.

Wiki mbili baadaye nikaitwa kituo kimoja cha polisi. Mezani palikuwa na kompyuta nne zilizokamatwa, mbili kati yake za aina na rangi kama ya kwangu. Zote zilikuwa zimefutwa kila kilichokuwamo. Askari akaniuliza swali moja: "Dada, siriali namba ya kompyuta yako ni ipi?" Sikuwa nayo. Boksi nilishalitupa, risiti sikudai. Nikasema nikiitazama naijua. Akafungua kitabu akanionyesha kuwa kuna kijana mwingine naye ameshasema hivyohivyo. Nikatoka mikono mitupu, na mpaka leo naamini moja ya zile mbili ilikuwa yangu. Askari yule hakunikosea. Angempaje mtu mali kwa sababu tu anaililia?

Kwa hiyo sianzi na vibaka wala na begi. Naanza na daftari.

Hatua ya 1: Andika kabla kitu hakijatoka mlangoni

Nunua daftari dogo, lile la shule. Kila kitu cha thamani kipe ukurasa wake. Simu: bonyeza *#06#, itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, andika zote. Kompyuta: geuza uangalie chini, au soma kwenye boksi. Runinga na friji: namba iko kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma. Pikipiki: namba ya injini na namba ya chesisi, si namba ya MC pekee, maana kibao kinang'oka kwa bisibisi.

Kisha risiti. Ile risiti ya mashine ya EFD inachapwa kwenye karatasi inayofifia. Ukiiweka kwenye pochi miezi sita inabaki nyeupe kama haijawahi kuandikwa. Ipige picha siku hiyohiyo na picha ujitumie kwenye barua pepe. Jambo ambalo wengi hawalijui: risiti mara nyingi inaandika "simu" tu au jina la aina yake, haiandiki IMEI. Mwombe muuzaji aiandike kwa kalamu nyuma ya risiti, aweke sahihi na muhuri wa duka. Duka la haki halikatai.

Daftari linabaki nyumbani. Usitembee nalo kwenye begi lilelile lenye kompyuta. Mpe nakala mtu mmoja unayemwamini.

Hatua ya 2: Hakikisha unachonunua ni halali

Kariakoo ndiko kwenye simu, na mtaa wa Aggrey unajulikana kwa hilo. Nunua dukani, ndani, mwenye duka akiwa na meza na mashine ya risiti. Kijana anayekufuata barabarani na simu nzuri ya bei ya kuokota, akikuambia ana shida ya haraka, mwache aende. Watu wanaonyeshwa simu halisi, inafungwa kwenye bahasha mbele yao, wanafika nyumbani wanakuta kipande cha sabuni kimekatwa vizuri kabisa. Mwenye macho makali naye ameuziwa sabuni.

Kabla ya kulipa, bonyeza *#06#, linganisha na namba iliyo kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu litakuja na aina na toleo la simu. Ukiambiwa ni aina nyingine kabisa na hiyo uliyoishika, irudishe kwenye kabati la kioo la muuzaji. Tangu Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia, simu yenye IMEI isiyotambulika inaweza kukatiwa mtandao, na hela yako haitarudi.

Simu au kompyuta iliyotumika nayo ni mali nzuri, mimi mwenyewe nanunua. Ila andikishianeni. Karatasi moja: jina la muuzaji, namba yake ya NIDA, namba yake ya simu, IMEI, bei, tarehe, sahihi za wote wawili na shahidi mmoja. Kikiwa kitu kikubwa, fanyeni mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Muuzaji akisema hana kitambulisho, umeshapata jibu.

Nasisitiza hili kwa sababu mwaka 2021 niliibiwa simu Buguruni, na safari hiyo namba zote nilikuwa nazo. Ilipatikana baada ya miezi minne kwa fundi cherehani aliyeinunua shilingi 80,000 kwa mtu asiyemfahamu. Hakuwa mwizi. Lakini hakuwa na karatasi hata moja, na sheria inamtazama mtu anayekutwa na mali ya wizi kabla ya kumtazama aliyemuuzia. Alilala mahabusu usiku mmoja, akapoteza simu na hela. Nilipoichukua simu yangu alikuwa analia, na mimi furaha yote ilinitoka.

Kwa wenye pikipiki za mkataba, unazozilipia kidogo kidogo kwa tajiri mpaka ziwe zako: soma mkataba unasema kadi ya umiliki itakuwa mikononi mwa nani na jina litabadilishwa lini. Wapo vijana waliopeleka hesabu kila siku mwaka mzima na zaidi, wakamaliza, kisha tajiri akaanza kuzungushazungusha kadi. Hesabu yoyote unayopeleka iandikwe na isainiwe siku hiyohiyo, na ukimaliza nendeni wote wawili TRA kubadilisha umiliki. Pikipiki ni yako siku kadi ina jina lako.

Hatua ya 3: Funga laini kabla ya kufunga simu

Wengi wanaweka alama ya kidole kwenye simu wanadhani wamemaliza. Mwizi wa Dar hana haja ya kufungua simu yako. Anachomoa laini, anaiweka kwenye kitochi chake, na kuanzia hapo ujumbe wote wa benki na namba za kuthibitisha zinaingia kwake. Dawa ni kuweka PIN kwenye laini yenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya usalama, tafuta kufuli la kadi ya simu. Kama hujui PIN ya mwanzo, usibahatishe: ukikosea mara tatu laini inajifunga na kudai PUK. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, uulize kwanza. Ukishaiweka, kila laini ikihamishiwa simu nyingine itadai namba hiyo.

Baada ya hapo zima maandishi ya ujumbe yasionekane kioo kikiwa kimefungwa. PIN ya M-Pesa, Airtel Money au Mixx isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, na isiandikwe kwenye simu hiyohiyo. Washa huduma ya kutafuta simu, ya Google kwa Android na ya Apple kwa iPhone, na nenosiri lake ulijue kichwani, maana siku ya shida utaliandika kwenye simu ya mtu mwingine. Kwenye Android tangu 2024 kuna kufuli la wizi: simu ikihisi imekwapuliwa na mtu anakimbia nayo, kioo kinajifunga chenyewe. Lisipowashwa na mwenye simu halifanyi kazi. iPhone nazo mwaka huohuo ziliongezewa ulinzi unaomzuia mwizi kubadili nenosiri hata kama ameiona namba yako ya kufungulia.

Hatua ya 4: Njiani

Hapa ndipo vitu vinapotutoka mikononi, na kila usafiri una mahali pake pa hatari.

Daladala. Ukiwa umekaa ndani hatari ni ndogo kuliko pale mlangoni. Wachomoaji wanafanya kazi wakati wa kugombania. Wanakuja watatu au wanne. Mmoja anasimama kwenye ngazi kama amenasa, hapandi hashuki, wenzake wanasukuma nyuma, na wewe mikono yote miwili iko juu umeshika bomba. Begi liko mgongoni. Sekunde kumi zinatosha.

Kwa hiyo ukibeba kompyuta, usigombanie. Geuza na gari. Unapanda kituo kimoja au viwili kabla ya mwisho wa njia, unalipa nauli, gari linashusha, linageuza, wewe umeshakaa dirishani. Unalipa tena nauli ya kurudi. Mtu atasema ni kupoteza hela, lakini nauli ya pili ni ndogo sana mbele ya bei ya kompyuta, na nimefanya hivyo tangu 2013 bila kujuta hata mara moja. Njia nyingine ni kubadili saa. Makumbusho saa kumi jioni na Makumbusho saa kumi na mbili na nusu ni vituo viwili tofauti.

Ukishakaa, begi liko mapajani, mkanda umezungushiwa mkono. Konda akikuambia "weka begi hapa mbele kwa dereva," mjibu kwa upole kwamba utalibeba. Ukiwa umesimama, begi liko kifuani. Jirani akikuomba umsaidie kuvuta dirisha lililokwama, msaidie kwa mkono mmoja. Na simu dirishani usiitoe kabisa gari likiwa kwenye foleni au kwenye mataa. Mkono unaingia kutoka nje, simu inakwenda, na wewe umefungiwa ndani ya gari lenye watu sitini.

Mwendokasi. Tangu mabasi haya yaanze mwaka 2016, watu wa Kimara hadi Kivukoni wamepumua, lakini asubuhi msongamano wake haupishani na daladala. Basi la kwanza likijaa, liache lipite. Kaa mbali na mlango, maana simu zinakwapuliwa mlango unapokaribia kufunga: wewe unabaki ndani, mwizi yuko nje. Mvua kubwa ikinyesha, uliza kama njia ya Jangwani inapitika kabla ya kuingia kituoni. Maji yakijaa pale mabasi yanakatizwa, watu wanashushwa njiani, na umati wa namna hiyo wenye giza na mvua ndio mazingira wanayoyapenda vibaka.

Pantoni. Shida ya Kigamboni ni lango linapofunguliwa. Watu wanatoka mbio kuwahi nafasi. Wewe kaa pembeni, wapite, ingia mwishoni. Pantoni haliondoki kwa sababu umetembea taratibu, na kusimama dakika kumi na tano juu ya maji hakujamuua mtu.

Bodaboda. Begi likae katikati yako na dereva, mikanda yote miwili mabegani. Likikaa mgongoni, pikipiki nyingine inaweza kulivuta kutoka nyuma, na hapo unapoteza zaidi ya begi kwa sababu utaanguka. Simu usiitoe. Anayekupigia atasubiri. Jenga mazoea na bodaboda wawili watatu wa kijiwe cha karibu na kwako, ujue majina yao, na wao wakujue. Usiku wapigie hao. Bajaji nayo ina pande mbili zilizo wazi, kwa hiyo kaa katikati au weka begi upande wa ndani.

Kwa miguu. Tembea upande ambao magari yanakuja yakikutazama, si yanayotokea nyuma yako. Mkoba uwe bega la upande wa ukuta, si wa barabara. Ukitaka kutuma ujumbe au kutazama ramani, ingia dukani, simama ndani, tazama, weka mfukoni, toka. Mfuko uwe wa mbele. Hizi ni dakika mbili tu, na wakwapuaji wa pikipiki wanaishi kwa watu wasiotaka kuzitoa.

Kwa anayeingia jijini kutoka mkoani: siku hizi mabasi mengi yanafika Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, usiku wa manane. Usitoke hapo na mabegi yako saa tisa usiku kwa sababu tu umechoka. Kaa ndani ya kituo mpaka kupambazuke, au ndugu anayekupokea aingie mpaka ulipo. Mpiga debe akishika begi lako bila kuombwa, lishike na wewe, usiliachie hata akikasirika.

Wenye magari nisiseme sana. Chora namba ya gari kwenye vioo, saiti mira na taa, maana kifaa chenye namba hakiuziki kirahisi, na usiache hata begi tupu kwenye kiti.

Hatua ya 5: Chumbani

Joto la Dar linatufanya tulale madirisha wazi. Nondo zinazuia mtu, hazizuii fimbo. Wanavua: mti mrefu wenye ndoana mbele unapita kwenye nondo, unaondoka na suruali yenye pochi, simu iliyo chaji, hata begi lililo juu ya meza. Chaji simu upande wa chumba usio na dirisha. Kompyuta ilale kabatini.

Ukihamia, jitambulishe kwa mjumbe na serikali ya mtaa wiki ya kwanza. Vitu vyako vihamishe mchana. Kirikuu lenye friji na godoro likikutwa barabarani saa sita usiku litasimamishwa, na walinzi wa ulinzi shirikishi wana haki ya kuuliza. Hapo ndipo zile picha za risiti zinapokutoa.

Hatua ya 6: Ikishaibiwa, saa ya kwanza

Usimkimbize. Na tafadhali, usipige kelele za "mwizi!" kwa ajili ya simu. Unajua kinachofuata hapa mjini: mawe, tairi, petroli, na magazeti kuandika "wananchi wenye hasira kali." Nimeona Manzese kijana akipigwa mpaka akaacha kujikinga, na kumbe pochi ilikuwa kwa mwenzake aliyeshakimbia. Simu inanunuliwa tena.

Azima simu ya mtu wa mtandao uleule wa laini yako, piga 100, omba wafunge laini na akaunti ya pesa. Nasema mtandao uleule kwa sababu 100 inakupeleka kwa mtandao wa simu unayopigia. Kama una laini mbili, azima mara mbili. Pigia benki pia.

Kisha ingia kwenye kivinjari, android.com/find au icloud.com/find, iweke simu kwenye hali ya kupotea. Usiiondoe kwenye akaunti yako hata ukikata tamaa. Ukiiondoa, kufuli linalomzuia mwizi kuitumia linaondoka nalo. Siku chache baadaye unaweza kupata ujumbe unaojifanya umetoka Apple au Google ukisema simu imepatikana, ingiza nenosiri. Ni mwizi huyo. Ramani ikikuonyesha iko nyumba fulani Tandale au Vingunguti, usiende peke yako wala na marafiki.

Nenda polisi na daftari. Unachukua RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na RB hailipiwi. Hakikisha IMEI imeandikwa kwenye maelezo, isome tarakimu moja moja na uitazame ikiandikwa. Muulize mpelelezi kama anataka kuifuatilia ikiwa hewani kabla ya kuomba mtandao uifungie. Akisema hakuna ufuatiliaji, peleka RB kwenye duka la mtandao wako wakaifungie IMEI. Kurudisha laini unakwenda mwenyewe, na namba ya NIDA na kidole chako. Ukishairudisha bonyeza *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa jina lako, na usiyoitambua uikatae hapohapo dukani.

Kama ni kitambulisho au kadi ya benki imepotea tu, haikuibiwa, unachohitaji ni taarifa ya upotevu ya polisi, ambayo inaombwa kwa mtandao.

Hatua ya 7: Siku ya kuuza

Ondoa akaunti yako ya Google au Apple kwanza, ndipo ufute simu. Ukianza kufuta, mnunuzi ataikuta imefungwa na atakudhania mwizi. Andikishianeni ile karatasi ya hatua ya 2, safari hii wewe ukiwa muuzaji, na ubaki na nakala. Simu hiyo ikija kutumika kwa utapeli mwakani, nakala ndiyo itakayoonyesha ilitoka mikononi mwako lini na ikaenda kwa nani.

Kisha chukua daftari, fungua ukurasa wa simu hiyo, piga mstari juu ya zile tarakimu 15, andika tarehe na jina la aliyenunua. Simu mpya ianze ukurasa unaofuata.